Kitabu cha Sataranji Hakinunuliwi kwa Unene

Ndugu msikilizaji, juma lililopita kijana mmoja wa sekondari alinisimamisha pale Kibaoni, akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo kwa wengi wenu huenda likaonekana dogo. Alikuwa amejiwekea fedha za vibarua vya kupalilia mpunga, akataka nimwambie anunue kitabu gani cha sataranji. Sikumjibu palepale. Nilimwambia asikilize redio. Nilifanya hivyo kwa sababu miaka kadhaa iliyopita kijana mwingine aliniuliza swali hilohilo, nikamjibu kwa haraka, na jibu langu likamharibia. Leo namjibu huyu wa pili mbele yenu nyote, na wazazi na walimu mnisikilize pia, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu vitabu vya kila namna.

Kwa wale wasioufahamu mchezo huu, sataranji ni jamaa wa drafti. Ubao ni uleule wa vyumba 64, lakini badala ya vizibo vya soda kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Kila kete ina mwendo wake. Anayembana mfalme wa mwenzake hadi akakosa pa kukimbilia ndiye mshindi. Mchezo ulitoka India, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu walioufahamu kwa jina la shatranji, na kwa njia hiyo Kiswahili nacho kikapata neno lake.

Tofauti kubwa kati ya michezo hii miwili, kwa sisi wa bonde la Kilombero, iko katika kujifunza. Drafti hujifunzwa kwa kutazama. Mtoto husimama nyuma ya wazee kijiweni, mwaka wa kwanza anafukuzwa, mwaka wa pili anaachwa, mwaka wa tatu anaketi na kuwafunga. Walimu wa drafti wamejaa kila kona ya mji. Sataranji haina wazee wa namna hiyo hapa kwetu. Wanaoijua vizuri ni wachache, nao wengi ni wageni wa masomo, wa hospitali au wa utafiti, ambao baada ya muda hufunga mizigo yao na kuondoka. Kwa hiyo kitabu ndicho mzee wetu wa kijiweni. Tukikosea kuchagua kitabu, ni kama kumkosea mtoto mwalimu.

Sasa niwaeleze kosa langu. Mgeni mmoja aliyekuwa akiondoka alituachia boksi la vitabu vya sataranji, sisi tuliokuwa tukicheza barazani kila Jumamosi. Kijana ninayemsema alikuwa kidato cha pili, mwepesi wa kushika mambo kuliko sisi sote. Nikataka kumheshimu. Nikapekua boksi, nikatoa kitabu kinene kuliko vyote, chenye jalada la kung'aa, nikampa. Kilikuwa kitabu cha namna moja tu ya kufungua mchezo, kurasa mia kadhaa za hatua zilizopangwa kama hesabu za benki, kikiwa kimeandikwa kwa ajili ya wachezaji wa mashindano makubwa. Mchapishaji wake simtaji, maana kosa halikuwa lake. Yeye alikuwa amewaandikia watu wake. Mimi ndiye niliyempa mtu asiyehusika.

Kijana alikisoma miezi miwili, akakariri. Siku ya shindano letu akapangwa na fundi baiskeli, mtu mzima, bingwa wa drafti, ambaye sataranji alikuwa ameijua chini ya mwaka mmoja. Katika hatua ya nne fundi akasogeza askari wa pembeni, hatua ambayo haimo katika kitabu chochote cha maana. Kijana akabaki kimya muda mrefu, akitafuta kichwani ukurasa ambao haukuwapo. Baada ya hapo akacheza kama mtu aliyepotea njia usiku, na haukupita muda farasi wa fundi akamtishia mfalme na malkia kwa pigo moja. Mtego huo umo katika kurasa za mwanzo za kitabu chochote cha wanaoanza, lakini yeye hakuwahi kuuona.

Jumatatu alikuja nyumbani, kitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Akasema, "Shikamoo, mwalimu. Nimerudisha kitabu. Naona mchezo huu si wa watu kama sisi." Nikaitikia marahaba, nikapokea kitabu, na wala sikupata la kusema. Hakurudi tena barazani.

Ndugu zangu, sentensi ile ndiyo iliyonifanya nianze kuvichunguza vitabu hivi. Nilikuja kugundua kwamba jina la mchapishaji lililoko mgongoni mwa kitabu hukuambia mengi kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Kila kampuni ina watu wake inaowafikiria. Hapa Ifakara, mji wa hospitali, sote tunajua kwamba dozi ya mtu mzima hapewi mtoto, hata kama dawa ni nzuri. Basi nitawapangia wachapishaji hawa kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni ya asiyejua kitu, au anayejua mwendo wa kete tu. Huyu nampeleka kwa kampuni ya Gambit ya London. Ilianzishwa mwaka 1997 na wachezaji watatu, Graham Burgess, Murray Chandler na John Nunn, kwa hiyo wanaochapa ni watu waliokaa mbele ya ubao wenyewe. Chandler ameandika kitabu kiitwacho How to Beat Your Dad at Chess, yaani namna ya kumshinda baba yako, kilichotoka mwaka 1998. Kinaonyesha njia 50 za kumfunga mfalme, kila njia na picha zake na maneno machache. Mtoto wa Lipangalala mwenye Kiingereza cha kuombea maji anaweza kukifuata, kwa sababu picha ndizo zinazosema.

Katika ngazi hiyohiyo kuna kitabu cha zamani kidogo chenye jina la Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972. Kinaitwa Bobby Fischer Teaches Chess, kilitoka mwaka 1966, na kimeuzwa nakala zaidi ya milioni moja. Aliandika pamoja na wataalamu wawili wa mambo ya kufundishia. Unaonyeshwa picha, unaulizwa swali, unageuza ukurasa, unakuta jibu. Ukifika mwisho unakipindua kitabu juu chini na kurudi nyuma kwa kurasa za upande wa pili. Hakina haja ya kujua namna ya kuandika hatua. Kasoro yake ni kwamba kinafundisha zaidi kumfunga mfalme, na mengine kinayaacha. Kwa anayeanza hiyo si kasoro kubwa.

Walimu wa shule nawaelekeza Uholanzi, kwenye mfululizo wa Rob Brunia na Cor van Wijgerden ulioanza mwaka 1987, ambao kwa Kiingereza huitwa Steps Method. Umegawanywa katika hatua sita. Kila hatua ina kitabu cha mwalimu na madaftari ya mazoezi ya wanafunzi, na madaftari ni membamba. Mwalimu mmoja mwenye kitabu kimoja anaweza kuwafundisha watoto arobaini kwa kuchora ubao wa sataranji kwenye ubao wa darasa. Kwa mazingira yetu, nadhani huu ndio ununuzi wenye faida kuliko wote.

Ngazi ya pili ni ya mtu anayewafunga nduguze nyumbani lakini hajui kwa nini anawafunga. Huyu anahitaji maelezo ya maneno, kwa hiyo ni lazima Kiingereza chake kiwe kimepanda kidogo. Hapa wapo Everyman wa London. Wana mfululizo wa Yasser Seirawan, Mmarekani aliyezaliwa Damascus, aliouandika kwa msaada wa Jeremy Silman. Ulichapwa kwanza katika miaka ya 1990 na Microsoft Press, kampuni ya watu wa kompyuta, kisha Everyman wakauchukua kuanzia mwaka 2003. Seirawan anaandika kama mtu anayezungumza barazani, anachekesha, anasimulia, halafu anakupa zoezi. Mkipewa boksi la vitabu vya zamani mkaona majina Pergamon au Cadogan, msiyatupe. Hao ni wazee wa ukoo uleule wa Everyman, kampuni zilizorithiana.

Batsford, nao wa London, ni wa siku nyingi zaidi, maana kampuni hiyo ilianza mwaka 1843. Kwa ngazi ya pili wana kitabu kimoja nisichochoka kukisifu, Logical Chess: Move by Move cha Irving Chernev. Kiliandikwa mwaka 1957, na Batsford wakakitoa upya mwaka 1998. Kina michezo 33, na kila hatua ya kila mchezo inaelezwa sababu yake, hata ile hatua ya kwanza ambayo waandishi wengine huiruka wakidhani kila mtu anaijua. Kijana wangu wa kidato cha pili alistahili kitabu hiki. Nacho kilikuwamo ndani ya boksi, chini kabisa, chembamba, jalada limechakaa.

Kabla sijapanda ngazi ya tatu, niwaonye juu ya vitabu vya bei nafuu vya Dover, kampuni ya New York iliyoanza mwaka 1941. Dover huchapa upya vitabu vya mabingwa wa kale, watu kama Emanuel Lasker na Siegbert Tarrasch, na hekima iliyomo ni ya kweli. Tatizo ni maandishi. Siku hizi kila chumba cha ubao kina jina, herufi kuanzia a hadi h na namba kuanzia 1 hadi 8, kwa hiyo ukiandika e4 mtu wa Ifakara na mtu wa Moscow wanaelewana. Vitabu vingi vya zamani vya Kiingereza vinaandika P-K4, maana yake askari aende chumba cha nne mbele ya mfalme, na kila mchezaji anahesabu kuanzia upande wake mwenyewe. Shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, liliacha kuutambua mtindo huo mwaka 1981. Mtu mzima anaweza kujifunza mitindo yote miwili. Mtoto ukimpa miwili kwa pamoja, utamchanganya. Fungua kitabu kwanza, utazame hatua zimeandikwaje, ndipo utoe fedha.

Ngazi ya tatu ni ya mtu aliyekwisha kucheza mashindano na anayejua anashindwa wapi. Hapa nawaweka Quality Chess wa Glasgow, Uskoti, walioanza mwaka 2004. Wana mfululizo wa vitabu tisa vya Artur Yusupov, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1980. Rangi za majalada zinakuonyesha ngazi: vitatu vya rangi ya chungwa, vitatu vya buluu, vitatu vya kijani. Kila kitabu kina masomo 24, na kila somo lina mazoezi 12 yenye alama zake, pamoja na alama unayopaswa kufikisha ndipo usonge mbele. Lakini jihadharini. Vile vya chungwa vinaitwa vya misingi, na jina hilo limewadanganya wengi. Misingi anayoisema Yusupov ni ya mtu aliyekwisha kupita ngazi mbili nilizozitaja. Wapo pia New In Chess wa Alkmaar, Uholanzi, ambao gazeti lao lilianza mwaka 1984. Kitabu chao cha Jesús de la Villa, 100 Endgames You Must Know, kinafundisha mwisho wa mchezo, pale kete zinapobaki chache. Vijana wetu hawaupendi mwisho wa mchezo, na ndipo wanapopoteza ushindi waliokwisha kuushika mkononi.

Ngazi ya nne ni ya mabingwa. Kuna Informator ya Belgrade, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Aleksandar Matanović. Hii ina jambo la ajabu, kwa kuwa michezo yake huelezwa kwa alama badala ya maneno. Alama moja inasema weupe wako mbele, nyingine inasema hii ilikuwa hatua pekee ya kujiokoa. Mjapani, Mrusi na Mtanzania wanausoma ukurasa uleule pasipo mkalimani. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani tumepata kitabu kisichodai Kiingereza. Kumbe ndicho kitabu kigumu kuliko vyote. Kinapoondoa maneno, kinaondoa pia maelezo, kikichukulia kwamba msomaji anayajua tayari.

Kama mnataka kitabu chenye maneno machache kinachomfaa mtu wa kawaida, kipo. Mwalimu wa Hungaria László Polgár, baba wa mabinti watatu waliotikisa dunia ya sataranji, Susan, Sofia na Judit, alikusanya mafumbo na michezo 5,334 katika kitabu kimoja cha kurasa zaidi ya 1,000. Toleo la Könemann lilitoka mwaka 1994. Kinaanza na mafumbo 306 ya kumfunga mfalme kwa hatua moja, kisha 3,412 ya hatua mbili, na kuendelea hivyo. Hiki ni kinene kuliko kile nilichompa kijana wangu, na bado anayeanza anaweza kukianza leo jioni. Kwa hiyo unene peke yake hausemi kitu. Ukifungua ukurasa wa kwanza utaona aliyefikiriwa ni nani.

Mtaniuliza: je, mtu hawezi kufika mbali bila vitabu hivi vya Ulaya? Anaweza kuanza, tena vizuri sana. Pale Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaa wa mabanda mwaka 2004. Phiona Mutesi alijifunza kete kwa binti mdogo kuliko yeye, na mwaka 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Hakuanza na kitabu kinene, alianza na mtu wa kumwonyesha jambo moja, kisha jingine. Kitabu kizuri cha ngazi ya kwanza hufanya kazi hiyohiyo: hukuonyesha jambo moja, kinangoja ulishike, ndipo kinakuletea la pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa nimjibu kijana wa Kibaoni. Mwanangu, kitabu kipya kutoka Ulaya, pamoja na gharama za kukifikisha hapa, chaweza kuzidi bei ya debe la mchele, kwa hiyo usikiagize kwa kusikia sifa. Ukipata kukiona, fungua katikati, utafute picha sita zenye maswali. Ukizijibu zote bila kufikiri, kitabu hicho umekwisha kukipita. Ukishindwa zote, kirudishe, wakati wake haujafika. Ukijibu tatu au nne kwa kutoka jasho, hicho ni chako. Tazama pia kama majibu yanaelezwa sababu au yametupwa tu nyuma ya kitabu. Tazama kama kete zimechorwa kwa vijipicha katikati ya maandishi. Gambit, Quality Chess na New In Chess hufanya hivyo, na hilo litakusaidia kufuata hatua hata pale Kiingereza kinapokukatikia. Na kama fedha haitoshi, kipo Chess Fundamentals cha José Raúl Capablanca, bingwa wa Cuba, cha mwaka 1921, kinachosomwa bure katika maktaba ya Project Gutenberg kwa simu ya rafiki. Ila hatua zake zimeandikwa kwa mtindo ule wa zamani niliowaonya.

Wenye vikundi, msinunue vitabu vitano vya ngazi tano. Nunueni kimoja cha ngazi ya mnyonge wenu. Anayejua Kiingereza asome kwa sauti, mwingine aandike kwa Kiswahili katika daftari kubwa, na daftari hilo libaki barazani. Bingwa wenu hatapungukiwa kwa kurudia ya chini. Hata miche ya mpunga haing'olewi kitaluni kabla ya siku zake ati kwa sababu shamba la jirani limekwisha kupandwa.

Namaliza na kijana wangu wa kwanza. Sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda, na mara nyingine hunibeba. Huwa tunazungumza habari za mvua na bei ya mafuta. Juzi nilimwambia ninachowaambia ninyi leo: kwamba siku ile kosa lilikuwa langu, nilimpa kitabu cha watu wengine, na kwamba mchezo ule ulikuwa wake tangu mwanzo. Alicheka, akasema, "Mwalimu, mbona umechelewa?" Ni kweli, nimechelewa. Kile kitabu cha Chernev chenye jalada lililochakaa nimekifunga kwenye gazeti, kama yeye alivyonifungia kile kingine, na Jumamosi kitakuwa barazani kikimngoja.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.